Njia ya pili imeota majani

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji kama watu wamekuwa tegemezi kupita kiasi kwa simu zao za mkononi. Jibu langu ni ndiyo. Ila naomba nafasi niieleze hiyo ndiyo yangu, kwa sababu wengi wakisikia swali hili hukimbilia kuhesabu saa: fulani hukaa kwenye simu saa 5 kwa siku, fulani saa 8. Mimi saa hazinisumbui sana. Fundi hushinda na nyundo mkononi kutwa nzima na hakuna anayemlaumu. Linalonisumbua ni jambo lingine, nami nililijua usiku mmoja nikiwa safarini.

Nilikuwa narudi nyumbani kwa basi. Likaharibika njiani, giza limeshaingia, na simu yangu ilikuwa imezima chaji tangu jioni. Abiria niliyekaa naye, mama mtu mzima ambaye hatukuwa tunafahamiana, aliniona ninavyohangaika akanipa ya kwake. "Chukua mwanangu, wapigie nyumbani wasije wakaingiwa na wasiwasi." Nikaipokea, nikafungua mahali pa kupigia, kisha nikabaki nimekitumbulia macho kioo. Namba ya mke wangu, mtu niliyeishi naye miaka 11 na ninayempigia kila siku, sikuijua. Nilikumbuka tarakimu za mwanzo tu, zile ambazo kila aliye kwenye mtandao ule anazo. Ya dada yangu sikuijua. Ya kazini sikuijua. Namba pekee iliyonijia ilikuwa ya simu ya mezani ya wazazi wangu, niliyofundishwa nikiwa na miaka 6, na laini hiyo ilikatwa zamani. Nikamrudishia mama yule simu yake. Akauliza, "Hawapatikani?" Nikajibu kwamba hawapatikani. Nilimdanganya kwa sababu niliona aibu kusema ukweli.

Nilifika alfajiri. Mama yangu mzazi alikuwa amekimbizwa hospitali usiku uleule kwa shida ya kupumua, na dada alikuwa amenipigia mara 19. Mama alipona, namshukuru Mungu. Lakini hadi leo sijasahau kwamba usiku ule niliwahi kushika simu nzima, yenye chaji na salio, na nisiweze kumfikia mtu wangu hata mmoja. Simu haikunikosesha kitu. Kilichokosekana kilikuwa ndani yangu mwenyewe, mahali ambapo zamani kulikuwa na namba.

Ndiyo maana nasema kutegemea kwenyewe si kosa. Kila mtu anategemea vitu. Kosa ni kuiacha njia ya pili mpaka iote majani, halafu siku njia kuu ikizibwa tunasimama pale hatujui pa kupita.

Na nisieleweke vibaya. Ninaye rafiki asiyeona. Simu yake humsomea kila kilicho kwenye kioo, humwambia rangi ya shati alilolishika, humsomea barua ambayo awali ilibidi aombe mtu amsomee, hata ikiwa ya siri. Uwezo huo wa kusoma kioo kwa sauti uliingizwa kwenye iPhone mwaka 2009, na kwa watu kama yeye ulikuwa mlango uliofunguka. Viziwi nao leo huzungumza kwa ishara wakiwa mbali, wakitazamana usoni. Siwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anaitegemea simu mno. Kabla ya simu alikuwa akitegemea huruma ya wapita njia.

Najua pia hoja ya wanaosema kwamba malalamiko haya ni ya zamani. Ni kweli. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika kuhusu mfalme wa Misri aliyeletewa zawadi ya maandishi akaikataa, akihofia kwamba watu wataacha kukumbuka wakitegemea alama zilizoandikwa nje yao. Hofu ya mfalme haikuwa ya bure, maana watu wengi leo hawawezi kukariri kile ambacho mababu zao walikikariri. Lakini tazama tofauti. Maandishi yalisambaa: kwenye vitabu, barua, kuta, daftari la mama jikoni. Kitabu kimoja kikiungua, kingine kipo. Hakuna aliyewahi kuweka barua zake zote, picha zote, fedha zote, ramani zote na majina ya ndugu zake wote ndani ya kitabu kimoja kinachotoshea mfukoni, ambacho hakisomeki mpaka kichomekwe umeme.

Kuhusu kumbukumbu, utafiti upo, nami nautaja kwa tahadhari. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Betsy Sparrow na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu walipewa taarifa ndogondogo waziandike kwenye kompyuta. Walioamini kwamba kompyuta itazihifadhi walizikumbuka kidogo kuliko walioambiwa kwamba zitafutwa. Akili ilifanya hesabu ya kawaida: kilichowekwa mahali salama hakihitaji kubebwa. Hivyo ndivyo nilivyofanya na namba ya mke wangu. Sikuisahau, maana kusahau huja baada ya kujua. Sikuwahi kuijua. Alinitajia nami nikaiandika moja kwa moja kwenye simu, na tangu hapo nimekuwa nikibonyeza jina lake.

Upande wa pili wa jambo hilo unanipa moyo zaidi. Madereva wa teksi za London, wale wa magari meusi, hulazimika kujifunza kwa kichwa mitaa ipatayo 25,000 iliyo ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross, katikati ya jiji hilo, na mafunzo hayo huchukua miaka. Mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire alionyesha mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na kujua mahali, ilikuwa kubwa kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine. Ukazuka ubishi: labda wenye eneo hilo kubwa ndio wanaojichagua kuwa madereva. Mwaka 2011 yeye na Katherine Woollett wakaleta jibu. Walikuwa wamewapima wanafunzi wa kazi hiyo kabla ya mafunzo na baadaye, na eneo hilo lilikuwa limekua kwa wale waliofaulu, si kwa walioshindwa. Haina maana kwamba anayefuata sauti ya simu ubongo wake unasinyaa, hilo sitalidai. Ina maana kwamba njia hukua inapopitiwa, hata kwa mtu mzima.

Simu yenyewe haikuanza ikiwa hivi. Tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper, mhandisi wa kampuni ya Motorola, alisimama barabarani New York akapiga simu ya kwanza kwa kifaa cha kushika mkononi, na aliyempigia alikuwa mshindani wake, Joel Engel wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T. Kifaa kile kilizidi kilo moja. Betri yake ilitosha mazungumzo ya nusu saa hivi, kisha ikahitaji saa 10 za kuchajiwa. Hakuna ambaye angeweza kukitegemea kwa maisha yake yote. Kilikuwa kinakwisha kabla hujamaliza habari. Desemba 1992 ukatumwa ujumbe mfupi wa kwanza, wa kutakia heri ya Krismasi. Mwaka 2007 ikaja iPhone na kioo chake cha kugusa, na kabla na baada ya hapo, kimoja baada ya kingine, vitu vikawa vinaingia ndani ya simu: kamera, saa ya kuamsha, tochi, ramani, kikokotoo, redio, pochi, tiketi, kitambulisho. Kila kimoja kiliingia kwa sababu nzuri. Hatukuwahi kukaa chini siku moja tukakubaliana kuvitia vyote mahali pamoja.

Tarehe 8 Julai 2022 Wakanada walionjeshwa maana yake. Kampuni ya simu na intaneti ya Rogers ilikuwa ikiboresha mtandao wake, kosa likatokea, na wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa simu na intaneti kwa pamoja. Mfumo wa malipo ya kadi za benki unaoitwa Interac ukasimama nchi nzima, kwa kuwa nao ulipita humohumo. Walikuwapo watu walioshindwa kupiga 911 kuomba msaada wa dharura. Sikumbushi haya ili kuisema kampuni, mitambo huharibika. Nakumbusha kwa sababu aliyekuwa na noti mfukoni siku ile alinunua alichohitaji, na wengi waliotegemea simu au kadi tu walikwama.

Hapa nasema jambo ambalo naona majibu mengi ya swali hili yanaliruka. Tunazungumza kana kwamba utegemezi ni udhaifu wa mtu mmoja mmoja, kijana asiyejizuia, mzazi asiyeweka simu chini. Lakini nani alifunga dirisha la kulipia kwa fedha taslimu? Nani aliamua kwamba fomu haipatikani tena kwenye karatasi, kwamba namba ya siri ya kuingia kwenye akaunti yako itatumwa kwa ujumbe wa simu na si vinginevyo, kwamba matokeo ya mtoto yatatangazwa kwenye kundi la wazazi tu? Mzee asiye na simu janja leo hajachagua maisha ya utulivu. Amefungiwa nje. Binafsi naona huu ndio utegemezi mbaya kuliko wote, kwa sababu hauponyeki kwa nidhamu. Unaweza kujizuia usiku kucha usiiguse simu, na asubuhi benki ikakulazimisha uishike. Taasisi inayohudumia umma inapaswa kubakiza dirisha moja lenye mtu, na karatasi moja, hata kama wanaolitumia ni wachache. Wachache hao ni watu.

Kuhusu mvuto wa kioo chenyewe nitasema machache, maana wengine wataandika kwa kirefu. Mvuto huo ulitengenezwa. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alikuwa ameshaonyesha miongo mingi kabla kwamba njiwa anayepata chakula bila kujua ni donoo la ngapi litakalokileta hudonoa kwa bidii zaidi, na haachi upesi. Unapovuta kioo chini kutazama kama kuna kipya, mara kipo, mara hakipo, ni mambo yaleyale. Ule ukurasa usio na mwisho, unaojiongeza kadiri unavyoshuka, ulibuniwa mwaka 2006 na mbunifu wa programu Aza Raskin, na yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba anajutia. Kitabu kina mwisho wa sura, na gazeti lina ukurasa wa mwisho. Pale ndipo mtu hunyanyua kichwa akamwona aliyekaa mbele yake. Pale pa kunyanyulia kichwa ndipo palipoondolewa.

Wapo wanaouita ugonjwa. Mimi neno hilo nalikwepa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliingiza tatizo la michezo ya kompyuta, lakini simu haikuwekwa kama ugonjwa wa peke yake. Nadhani ni sawa, kwa sasa. Mtu akimwita mwanawe mgonjwa kwa kuwa anachati sana, hatajiuliza tena kama yeye mwenyewe huwa anamsikiliza mtoto huyo anapozungumza.

Hilo la mwisho limenigusa pia. Mwezi mmoja baada ya mama kutoka hospitali nilikwenda kukaa naye. Alikuwa akinisimulia jinsi alivyokutana na baba, habari ambayo sikuwahi kuisikia yote. Katikati ya masimulizi simu yangu ikatetemeka mfukoni. Sikuitoa. Nilitupa jicho tu kuelekea mfukoni, kitambo kidogo sana. Mama akanyamaza, akasema, "Pokea kwanza, huenda ni muhimu." Nikamwambia si muhimu, aendelee. Akasema ataendelea siku nyingine. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma: alikuwa ameshazoea.

Mabadiliko niliyoyafanya si makubwa. Nimenunua saa ya kuamsha, simu hailali tena chumbani. Nina kikaratasi chenye namba 5 kwenye pochi, na noti kidogo zilizokunjwa nyuma yake. Safari za mjini ninazozijua nusu naenda bila ramani, nikipotea nauliza, na nimegundua kwamba watu hupenda kuulizwa. Nikienda kwa mama simu inabaki ndani ya gari. Habari ya kukutana kwao na baba alikuja kuimalizia, na ilichukua jioni nzima.

Namba ya mke wangu na ya dada sasa nazijua. Binti yetu ana miaka 7, naye tunamfundisha. Huiimba namba ya mama yake akiwa anapiga mswaki, tarakimu tatutatu, na kila akifika ya sita husimama, hunitazama kwenye kioo, hungoja nimsaidie. Simsaidii. Nangoja naye mpaka aipate.

Msomaji wenu