Kelele za mtaa na kikao chako cha mtandaoni

Nafundisha Kiswahili mtandaoni nikiwa mtaa wa Umoja, Nairobi, na wanafunzi wangu wengi wako ng'ambo. Walimu wenzangu na wakalimani wanaofanyia kazi nyumbani huniuliza mara kwa mara ni programu gani bora ya kuondoa kelele. Nami huwauliza kwanza: ni kelele gani inayokusumbua? Programu hizi kwa kawaida zimefunzwa kutenganisha mambo mawili tu, sauti ya binadamu anayezungumza na kila kitu kingine. Ukilishika hilo, utajua wapi pa kuzitegemea na wapi utalazimika kujipanga mwenyewe.

Mbinu ya zamani, ambayo mtafiti Steven Boll aliieleza mwaka wa 1979, ilikuwa kusikiliza kelele wakati msemaji amenyamaza, kuikadiria, halafu kuitoa kwenye sauti yote. Inafaa kwa mngurumo usiobadilika: feni, friji, jenereta la jirani stima inapopotea. Lakini honi ya matatu haina muda wa kukadiriwa. Inalia na kukoma kabla hesabu haijafanyika.

Hapo ndipo kujifunza kwa mashine kulipoleta nafuu ya kweli. Mfano ninaoupenda ni RNNoise, programu huria ambayo Jean-Marc Valin aliitoa mwaka wa 2017. Huikata sauti katika vipande vya milisekunde 10, hukigawa kila kipande katika mikanda 22 ya masafa, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, kisha mtandao wa nyuroni, yaani programu inayojifunza kwa mifano, huamua kila mkanda upunguzwe kiasi gani. Mkanda uliobeba sauti yako huachwa, uliojaa kelele hubanwa. Mtandao huo ulifunzwa kwa kuchanganya rekodi safi za watu wakizungumza na rekodi za kelele, ukapewa kazi ya kurudisha ile safi. Programu yenyewe ni ndogo kiasi kwamba hata Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bei nafuu, inaimudu, na ukirekodi masomo kwa OBS Studio tayari unayo, kwenye vichujio vya sauti.

Angalia neno nililotumia: hupunguza. Mashine ya namna hii haikuongezei sauti yako. Ikiwa honi na maneno yako vimekaa katika mkanda mmoja kwa nguvu sawa, ikibana kimoja imebana vyote viwili, na msikilizaji atakusikia kama mtu aliye chini ya maji. Ndiyo sababu ushauri wangu wa kwanza hauhusu programu hata kidogo. Sogeza maiki. Ukiitoa sentimita 80 kutoka mdomoni, ambako maiki ya laptopu huweza kukaa, ukaileta sentimita 20, sauti yako inaingia ikiwa na nguvu zaidi kwa takriban desibeli 12, na kelele za nje zinabaki zilivyokuwa. Hedifoni ya kawaida ya waya yenye maiki karibu na shavu itakusaidia kuliko programu ghali inayosikiliza kupitia laptopu iliyo upande wa pili wa meza.

Mvua kwenye mabati ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Sauti yake imetanda katika masafa yote, na juu kabisa inafanana na "s", "sh" na "f" zetu. Mwanafunzi wangu anahitaji kutofautisha suka, shuka na fuka. Programu ikizidisha ukali, konsonanti hizo huliwa kwanza, kwa kuwa kwa mashine zinafanana na mvua. Wakati huo mimi hushusha kiwango. Zoom, kwa mfano, ina ngazi ya chini, ya wastani na ya juu katika mipangilio ya sauti. Ni heri mwanafunzi asikie mvua kidogo na maneno kamili kuliko asikie ukimya na maneno yaliyokatika. Na ukifundisha kwa nyimbo, makofi au ngoma, izime kabisa au tumia ile hali ya sauti asili waliyowekewa wanamuziki. Ngoma si maneno, kwa hiyo itafutwa.

Hapo kwenye konsonanti, jihadhari pia na hedifoni za Bluetooth. Nyingi zikianza kutumia maiki yake hushuka hadi sampuli (vipimo vya sauti) 16,000 kwa sekunde, na za zamani hadi 8,000. Kwa sampuli 8,000, chochote kilicho juu ya herzi 4,000 hakipiti, na "s" ina sehemu yake kubwa huko juu. Hakuna programu itakayokurudishia.

Sasa jambo linalowachosha wengi Nairobi: spika za mkutano wa injili Jumapili, makanga anayeita abiria, watoto wa ploti wakicheza kwenye ngazi. Hizo zote ni sauti za binadamu. Programu ya kawaida itaziacha zipite, tena wakati mwingine itazisafisha na kuzifanya zisikike vizuri zaidi, kwa kuwa kazi iliyopewa ni kuokoa usemi. Kwa kero hii unahitaji kitu kingine, programu inayotafuta usemi wako pekee. Microsoft Teams ina utengaji wa sauti unaokutaka urekodi kwanza mfano wa sauti yako. Programu ya Krisp ina sehemu ya kuondoa sauti za watu wengine. Kwenye iPhone, tangu iOS 15 ya mwaka wa 2021, kuna hali ya maiki inayoipa kipaumbele sauti ya aliye karibu. Zinasaidia, ila spika kubwa iliyoelekezwa dirishani kwako bado itapenya. Tafuta maiki inayosikia upande mmoja, mgongo wake uelekee kelele, nawe ukae ukitazama dirisha huku maiki ikikutazama wewe. Pazia zito na godoro lililosimamishwa ukutani hupunguza mwangwi wa chumba, nao mwangwi huichanganya mashine sana.

Usiwashe programu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ikishatoboa mashimo kwenye sauti, ya pili huyachukua mabaki kuwa kelele na kuendelea kukata. Chagua moja. Kama laptopu yako ni ya zamani na feni yake hulia kila ukiwasha kamera, kumbuka kwamba zinazofanya kazi ndani ya mashine yako, kama Krisp, hula nguvu ya prosesa. Google Meet ilipoleta huduma hii mwaka wa 2020, usafishaji ulifanyika kwenye seva za Google.

Ukienda Luthuli Avenue, kwenye maduka ya elektroniki katikati ya Nairobi, kununua hedifoni na muuzaji akakuambia inakata kelele, muulize inazikata kwa nani. Teknolojia inayotuliza masikio yako haimsaidii anayekusikiliza hata chembe. Mwombe akuruhusu urekodi sauti kwa simu yako palepale dukani, na barabara inavyovuma nje, kisha usikilize. Ukikataliwa, nenda duka la pili.

Nyumbani pia, jaribu saa ile ile ya kelele. Kipimo cha saa nne usiku, mtaa umelala, hakikuambii lolote kuhusu usaili wa kazi wa saa kumi na moja jioni. Jirekodi ukisoma aya moja, programu ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, umtumie mtu asiyekuonea haya akuambie neno gani limempotea. Nasisitiza hili kwa vijana wanaotafuta kazi za mtandaoni, kwa sababu najua waliohojiwa vizuri wakaambiwa tu kwamba hawasikiki. Kazi ilikuwa yao, na inauma kuipoteza kwa kitu kinachorekebishika kwa alasiri moja.

Na siku mahubiri yanapokuwa yameshika moto, mwambie mwenzako mapema kabla hajauliza, kisha ukae maiki yako ikiwa imezimwa (mute). Kwenye Zoom ya kompyuta, shikilia kitufe cha nafasi (space bar) unapozungumza na ukiachilie ukimaliza.