Gari likigoma kuwaka likiwa moto, usilisubiri lipoe

Toyota Ipsum imetoka Kampala asubuhi bila shida yoyote. Imefika Kayabwe, pale kwenye mstari wa Ikweta, abiria wakashuka kupiga picha, dereva akaenda kunywa chai. Dakika ishirini hivi. Anarudi, anapiga stata: inazunguka kwa nguvu zote, injini haishiki. Anapiga tena na tena mpaka betri inaanza kulalamika. Anafungua boneti, anachungulia. Nusu saa baadaye gari linawaka kama vile halikuwahi kugoma, na kesho yake linaletwa gerejini kwetu Ndeeba likiwa limepoa kabisa. "Fundi, lina ugonjwa," anakwambia, "ila sasa hivi halina."

Wewe uliyeingia gereji juzi, jihadhari na gari la namna hiyo. Mimi liliniaibisha mara tatu. Mara ya kwanza nilibadilisha plagi. Mara ya pili nikabadilisha pampu ya mafuta, na mteja akalipa bila kununa. Mara ya tatu alinipigia simu kutoka Namawojjolo: alikuwa amesimama kununua kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, kuku wamekwisha, gari haliwaki. Kosa langu lilikuwa moja katika safari zote hizo. Nilikuwa nalipima asubuhi, likiwa baridi, na injini ikinguruma. Ugonjwa wenyewe hutokea injini ikiwa moto na ikiwa imezimwa.

Elewa kwanza kinachotokea chini ya boneti. Ukizima injini, maji ya rejeta yanaacha kuzunguka na upepo wa safari unakatika. Joto la bloku na la ekzosi linapanda tu juu, kwa hiyo kwa robo saa au zaidi nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini, na reli, lile bomba linalozigawia mafuta, hupata moto kuliko zilivyokuwa barabarani. Petroli nayo ni mchanganyiko wa vitu vingi. Vile vyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi. Kinachoizuia isigeuke mvuke ndani ya reli ni presha inayobaki baada ya kuzima. Presha ikivuja, mafuta yanachemka, na ukipiga stata nozeli zinatema mvuke mtupu. Na sisi tuko juu: Kampala iko karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, Kabale karibu 2,000. Huko hewa ni nyepesi na mafuta huchemka mapema zaidi.

Kwa hiyo funga geji ya presha kabla hujaenda kuzungusha gari. Kwenye 3S-FE, injini ya Ipsum na Noah za zamani, geji inaingia pale mpira wa mafuta unapofungwa kwa boliti yenye tundu. Toa presha taratibu ukiwa na kitambaa, weka washa mpya, vile vipete vya kuzibia, usiazime zile za zamani hata kama zinaonekana nzima. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na anayevuta sigara afukuzwe, hata akiwa mwenye gari. Ukichomoa mpira mwembamba wa vakyumu kwenye regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, injini ikiwa inanguruma, utaona kati ya psi 38 na 44 (psi ni kipimo cha presha). Vijana wengi wakiiona namba hiyo wanafunga boneti na kusema mafuta yako sawa. Nami nilisema hivyo hivyo.

Zima sasa, uangalie saa. Kitabu cha Toyota kinataka baada ya dakika tano presha iwe bado psi 21 au zaidi. Ile Ipsum, sindano ya geji ilianguka kutoka 40 mpaka sifuri kabla dakika moja haijaisha. Nilisimama nikiitazama inashuka, nikakumbuka plagi za watu nilizozitupa.

Presha inavujia wapi? Kuna njia tatu. Inaweza kurudi kwenye tangi kupitia vali ndogo iliyo ndani ya pampu, ikapita kwenye regyuleta, au ikadondoka ndani ya silinda kupitia nozeli isiyofunga vizuri. Pandisha presha tena, zima, na papo hapo bana mpira wa kurudisha mafuta kwa kibanio chenye meno laini. Sindano ikisimama, mshukiwa ni regyuleta. Ikizidi kushuka, rudia ukibana mpira unaoleta mafuta. Ikisimama hapo, tatizo liko kwenye pampu. Ukibana yote miwili na bado inashuka, angalia nozeli. Mpira uliokauka usiubane kabisa, utapasuka mkononi mwako. Premio za kuanzia 2001 zenye injini ya 1ZZ hazina mpira wa kurudisha, regyuleta iko ndani ya tangi, kwa hiyo kwao jaribio la kwanza halipo.

Kuna mtego kwenye Toyota za zamani. Utasikia mafundi wakimwambia dereva afungue swichi na kufunga mara nne ili pampu ijaze reli. Kwenye magari mengi inasaidia. Kwenye hizi pampu haizunguki kwa kufungua swichi tu, inasubiri stata. Ukitaka kuizungusha, fungua kile kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS karibu na injini, unganisha matundu yaliyoandikwa +B na FP kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imefunguliwa. Usikosee tundu. Gari la moto likikubali kuwaka baada ya pampu kuzunguka sekunde kumi hivi, umeshapata nusu ya jibu: presha ilikuwa imevuja.

Nozeli inayodondosha ina tabia ya kinyume: mafuta ni mengi mno. Utasikia harufu ya petroli, likiwaka linatoa moshi mweusi, plagi zinatoka zimelowa. Muulize dereva huwa analiwashaje. Akikwambia, "Nakanyaga mafuta mpaka chini ndipo linashika," amekupa dalili bora kuliko mashine yoyote. Vivyo hivyo, chomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta uunuse: ukiwa na petroli ndani, ngozi ya regyuleta imechanika na injini inayanywa mafuta kwa mlango wa nyuma.

Lakini usiwe mtumwa wa mafuta. Stata ikizunguka kwa uvivu likiwa moto, anza na stata, betri na nyaya za kwenye bodi. Kama hakuna cheche, acha geji, nenda kwenye distribyuta, ile inayogawa cheche kwa plagi. Koili zake za ndani hupenda kufa zikipata joto na kufufuka zikipoa. Pima pia sensa ya joto la maji: kwenye nyuzi 80 inapaswa kusoma omu 200 hadi 400. Ikisoma 2,000 kwenye injini ya moto, kompyuta inadhani injini bado ni baridi na inamwaga mafuta kupita kiasi.

Ile Ipsum iligundulika: vali ya pampu. Ile ile pampu mpya niliyoifunga mimi, ya bei nafuu, ilikuwa haizuii kitu. Nilinunua nyingine kwa pesa yangu, na safari hii nikaijaribu kabla ya kuifunga kwa kupuliza kwa mdomo upande wa kutokea mafuta; haikupitisha hewa. Halafu nikamwomba mteja tuzunguke mpaka Natete na kurudi, tukaegesha juani, boneti imefungwa, geji ikining'inia nje. Tulikaa dakika ishirini kwenye benchi, yeye hasemi neno. Sindano ilikuwa 30.

"Washa, mzee," nikamwambia.

Injini ilishika kabla sijainuka.