Maswali ya Wasomaji: Zeze Linapopigwa na Kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga zeze hapa Moshi. Nimetunga kipande ambamo zeze huambatana na sauti za kompyuta nilizozirekodi mapema, lakini jukwaani najikuta nikiikimbiza rekodi. Je, kompyuta inaweza kunifuata mimi? – Msomaji, Kiboriloni.

JIBU: Inaweza. Usumbufu wako si mgeni: mtunzi Mario Davidovsky alipotunga Synchronisms Na. 6 ya piano na utepe wa sauti zilizorekodiwa mwaka 1970, mpiga piano ndiye aliyelazimika kuufuata utepe. Mambo yalibadilika pale IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki jijini Paris, ambako mtunzi Philippe Manoury, akishirikiana na mwandishi wa programu Miller Puckette, alitunga Jupiter mwaka 1987, kompyuta ikiisikiliza filimbi na kuifuata papo hapo. Baadaye Puckette huyohuyo aliandika Pure Data, programu ya bure ya kuchakata sauti isiyohitaji kompyuta ya gharama, nawe uanze na hiyo.

Usiitake kompyuta itambue kila noti. Zeze la upinde lina mikwaruzo mingi inayoichanganya programu, ilhali kupima ukubwa wa sauti na urefu wa ukimya ni kazi nyepesi na, kwa maoni yangu, yenye muziki zaidi. Kwa mfano, ukikaza upinde, mwangwi urefuke. Ukinyamaza kwa sekunde tatu, kompyuta irudishe ulichokipiga punde, kikiwa kimeshushwa oktava moja. (Wapigaji wengi huogopa kunyamaza jukwaani, hapa utalazimika kujifunza.)

Kuhusu kunasa sauti, bandika kisahani cha pizo (kinasa sauti kinachohisi mtetemo) kwenye kibuyu cha zeze, kwa sababu maikrofoni ya kawaida itanasa na sauti ya spika, kisha kompyuta ianze kujijibu yenyewe. Pizo ikichomekwa moja kwa moja hutoa sauti nyembamba, hivyo ipitishe kwanza kwenye kifaa chenye tundu la gitaa.

Jihadhari pia na ucheleweshaji, yaani muda unaopita kabla kompyuta haijatoa sauti. Kompyuta hupima sauti kwa vipimo vidogo viitwavyo sampuli, na huzikusanya kwanza katika fungu liitwalo bafa. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 256 huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 6, na ya 1,024 kwa takriban 23, tena katika hatua moja tu ya safari ya sauti. Mwangwi huvumilia hayo, lakini mdundo unaotakiwa kugongana na upinde wako hauvumilii.

Kuhama kutoka sehemu moja ya kipande hadi nyingine usikuachie sikio la kompyuta. Tumia pedali ya mguu, ili kompyuta ikisikia vibaya, kosa liishie katika sehemu hiyo.