Huyo ni chozi, si ndege wa Amerika

Dada, umeuliza kama huyo ndege mdogo wa kijani king'aacho kwenye ua lako la haibiskasi ni yule wa Amerika anayeelea hewani, yaani hummingbird. Hapana, huyo ni chozi, wa kwetu kabisa. Wote wawili hunywa mbochi, yaani maji matamu ya maua, lakini hawana undugu wa karibu. Chozi anaweza kuelea kidogo, ila mara nyingi hushika kijiti, akainama na kuchovya ulimi wake wenye umbo la mrija.

Familia yake ina spishi zaidi ya 130, kuanzia Afrika mpaka Asia na kaskazini mwa Australia. Tanzania tumebarikiwa: yuko chozi wa milima ya Uluguru asiyepatikana kwingine duniani, na mwingine wa Udzungwa aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1983. Juu kule Kilimanjaro na Mlima Kenya yuko mwenye mkia mrefu anayetegemea sana maua ya lobelia kubwa.

Tafuta na kiota: kifuko kinachoning'inia, kimefumwa kwa nyasi na utando wa buibui. Jike ndiye mfumaji. Tafadhali msikikate mnapopogoa.