Kabla hujasomea kuongoza vikundi vya tiba, uliza kuhusu saa ya kwanza na saa ya mwisho

Kila mwaka dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa napigiwa simu na vijana wa hapa Kigoma, wengi wao maofisa ustawi wa jamii, wauguzi na walimu wa malezi. Swali ni lile lile: "Dada, ile shahada yako ya uzamili, ile ya ushauri nasaha wa kuigiza, inalipa? Ni ngumu?" Kwenye simu huwa najibu nusu nusu, na majibu nusu yameshawaponza wawili ninaowafahamu. Wacha niandike vizuri.

Nilichosomea kinaitwa saikodrama. Badala ya mtu kukaa na kusimulia shida yake, ananyanyuka na kuionyesha, wenzake kwenye kikundi wakimwazima miili na sauti zao: huyu anakuwa mama yake, yule bosi wake, mwingine anasimama ubavuni mwake kama pacha na kusema lile ambalo yeye limemkwama kooni. Aliyeianzisha ni daktari Jacob Moreno, mzaliwa wa Bucharest mwaka 1889, aliyesoma na kufanya kazi Vienna, Austria. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alihudumia wagonjwa katika kambi ya wakimbizi ya Mitterndorf, karibu na Vienna, walikowekwa watu waliohamishwa kutoka Tyrol ya kusini, eneo la mpakani na Italia. Aliona ugomvi na huzuni vikizidi pale ambapo watu walipangwa vibandani bila kuulizwa wangependa kuishi na nani, na mwaka 1916 akaiandikia serikali akishauri wapangwe kwa kuzingatia mielekeo yao wenyewe. Aliyewahi kufanya kazi kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nduta za hapa Kigoma haitaji kuelezwa zaidi. Baadaye Moreno alihamia Marekani, na mwaka 1936 akafungua hospitali yake Beacon, jimbo la New York, ikiwa na jukwaa ndani yake.

Kipindi cha saikodrama kina sehemu tatu. Kwanza kikundi kinachangamshwa mpaka watu wazoeane na mmoja awe tayari kutoka mbele. Kisha igizo lenyewe. Mwisho watu wanakaa chini na kushirikishana. Wanafunzi wote wanapenda sehemu ya kati, maana ndiyo yenye machozi na ndiyo inayosimuliwa. Mimi pia niliipenda, na nitaeleza ilivyonigharimu.

Wikiendi ya tatu ya masomo mwalimu aliweka viti viwili katikati ya chumba, akauliza nani ana neno ambalo hajawahi kumwambia mtu wake. Nilinyanyuka kabla sijajua ninakwenda kusema nini. Baba yangu alikuwa kuli pale bandarini Kigoma. Alifariki nikiwa shule ya bweni, katikati ya mtihani wa kidato cha nne, na nyumbani wakakubaliana nisiambiwe mpaka nimalize karatasi ya mwisho. Nilipofika nyumbani Gungu nilikuta tanga limeshaanuliwa. Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa nikisema walifanya vyema, si nilifaulu?

Kiti cha mbele yangu nikamweka mama. Nikamwambia, "Mlimzika baba bila mimi." Mwalimu akasema tubadilishane nafasi. Nikakaa kwenye kiti cha mama, mwenzangu wa darasani akakaa kwangu, akanirudishia maneno yangu kwa sauti yangu. Mikono ikaanza kunitetemeka, na nikiwa mama nikajisikia nasema, "Kila usiku nilikuwa nahesabu karatasi zako."

Sikuwahi kuliwaza hilo. Niliporudi Kigoma likizo nilimuuliza mama kama ni kweli. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Siku ya mazishi zilikuwa zimebaki nne."

Sehemu hii ndiyo huwa nawasimulia vijana, nao wanasema basi lazima wasome. Ambayo huwa siwasimulii ni hii: siku ile muda wa darasa uliisha nikiwa bado kwenye kile kiti. Hakukuwa na kushirikishana. Watu walikwenda kunywa chai. Nilikaa siku nne silali, na kesho yake mwanafunzi mmoja alinisimamisha kwenye korido akanishauri nimsamehe mama, kama vile kuna mtu alimuuliza. Mwalimu aliyenikalisha kwenye kiti ndiye pia aliyekuwa ananipa alama, kwa hiyo sikuthubutu kumwambia kwamba sijakaa sawa. Sikitaji chuo, maana wapo waalimu pale walionisaidia sana baadaye. Lakini nataka ujue kwamba jeraha linaweza kufunguliwa vizuri kabisa na fundi, halafu likaachwa wazi kwa sababu ya ratiba.

Nami nikaja kufanya kosa hilo hilo, upande wa pili. Mwaka wa mazoezi nilipewa kikundi cha akina mama kumi na mmoja wanaoanika dagaa Kibirizi, kadhaa wao wajane wa wavuvi. Nilikuwa na saa mbili na hamu kubwa. Salamu, majina, kisha nikaingia moja kwa moja: nikamwomba mama mmoja mtu mzima azungumze na mumewe ambaye ziwa halikumrudisha, na nikamchagua binti mmoja mwembamba asimame badala ya marehemu. Yule mama alijifunika mdomo kwa khanga, akaniangalia muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "huyu ni mtoto wa shemeji yangu, ni mwanangu. Unataka nimwite mume wangu?" Akachukua kandambili zake akaondoka. Waliobaki wakaanza kuambiana vumilieni, mwachieni Mungu. Wiki iliyofuata walikuja wanne.

Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Wewe uliwajua kwa muda gani kabla ya kuwaomba hayo?" Dakika ishirini.

Siku hizi mikutano miwili au mitatu ya kwanza sigusi msiba wa mtu. Tunasimama mchangani: walioanika dagaa zaidi ya miaka kumi upande huu, walioanza juzi upande ule, wenye mjukuu waende kule kwenye chanja. Mtu anaona aliyesimama naye, anacheka, anajua hayuko peke yake. Kuna zoezi jingine la Moreno la kumwekea mkono begani yule unayemwamini, tuseme ungemwachia ufunguo wa nyumba ukisafiri. Ni zoezi zuri lakini lina makali: ukilifanya mapema, kuna atakayesimama pale bila mkono hata mmoja begani, na wote wanaona. Subiri. Kuhusu marehemu, simweki mtu tena. Natandika khanga kwenye mkeka, na mwenye msiba anaamua yeye ataiweka wapi na kama atasema nayo au atakaa nayo kimya.

Kushirikishana ndiko kunakotusumbua zaidi sisi, kwa sababu tumelelewa kufariji kwa kushauri. Kanuni ni kwamba baada ya igizo hakuna ushauri wala uchambuzi. Kila mtu anasema lililomgusa kutoka kwenye maisha yake mwenyewe, ili aliyetoka mbele asirudi nyumbani akijiona alivuliwa nguo peke yake. Mimi huanza kwa kuwapa mlango: "Mimi ilinigusa pale..." Wakishika hayo maneno matatu, ushauri unapungua wenyewe.

Kwa hiyo unapochagua chuo, usiulize tu ada na miaka. Uliza utakuwa mshiriki kwa saa ngapi, wewe mwenyewe ukifanyiwa kazi, kabla hujaruhusiwa kuongoza wengine. Ili upate picha, Marekani bodi inayowathibitisha watu wa saikodrama inadai saa 780 za mafunzo, pamoja na mwaka wa mazoezi chini ya usimamizi na shahada ya uzamili. Programu inayokuahidi uwezo huo kwa semina ya wiki mbili inakudanganya, na itakaowaumiza si wewe, ni wale akina mama. Uliza pia nani anakupa alama na nani anakusikiliza. Wasiwe mtu mmoja. Uliza igizo likichelewa kuisha wanafanyaje. Wakikujibu kwamba huwa wanaendelea kesho, fikiria mara mbili.

Na fanya mazoezi kwa Kiswahili tangu muhula wa kwanza, hata kama vitabu vyote ni vya Kiingereza. Nilipoteza miezi nikiwauliza watu "unahisi nini?" nao wakinijibu "nahisi vizuri". Eugene Gendlin, mtafiti wa tiba ya mazungumzo aliyefanya kazi na mwanasaikolojia Carl Rogers pale Chicago, aligundua kwamba wanaonufaika na tiba ni wale wanaosita na kutafuta neno ndani ya mwili wao kabla ya kulitoa. Kiswahili kinalo hilo tayari: moyo umenielemea, kifua kinabana, roho imesinyaa. Mtu akisema moyo umemwelemea, mimi siku hizi namuuliza, "Huo uzito umekaa wapi hasa?" Mara nyingi mkono unakwenda wenyewe mahali pake, na hapo tunaanzia.

Usimamizi usiuache siku ya mahafali. Mimi bado nazungumza na msimamizi wangu kila baada ya wiki mbili, kwa simu, na nalipia kutoka mfukoni. Ijumaa iliyopita tulikaa karibu saa nzima kwenye sentensi moja niliyomkatiza mama mmoja wa Katonga. Jumanne hii narudi huko, na nimepanga kumwomba aianze tena pale nilipomkatiza.