Kocha mpya au kijana mpya? Msimu wa 2024 wa Washington Commanders nilivyouona mimi

Mkuu mleta uzi, umeuliza hivi: timu iliyokuwa mkiani ikipata kocha mpya, ikapanda mpaka nusu fainali ndani ya msimu mmoja, sifa ni za kocha au za mchezaji mmoja hatari aliyesajiliwa mwaka huohuo? Waliotangulia wamekujibu kwa mifano ya soka. Mimi naomba nikujibu kwa mpira ule ambao wengi humu mnauona kama vurugu za watu waliovaa helmeti, kwa sababu kesi yenyewe imetokea karibu na ninapolala.

Naishi Hyattsville, Maryland, nafanya zamu ya usiku. Miaka ya mwanzo futiboli ya Kimarekani ilikuwa kwangu kelele ya Jumapili tu. Aliyenifundisha ni mwenzangu wa zamu, Mmarekani mweusi mzaliwa wa hapahapa kaunti ya Prince George's, umri umeenda kidogo. Namwita Mzee. Nilipomweleza maana yake na heshima iliyomo, jina akalipenda, sasa na mkewe anamwita hivyohivyo. Mzee ana viti viwili uwanjani kwa Commanders, Landover, juu kabisa, kule ambako wachezaji unawaona kama siafu. Mtoto wake aliacha kwenda naye siku nyingi. Kile kiti cha pili ndicho nilichokirithi.

Kwa nini mtoto aliacha kwenda? Timu hii ilibeba Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa wa ligi, mara tatu chini ya kocha Joe Gibbs, ya mwisho ikiwa ya msimu wa 1991. Baada ya hapo ni ukame. Jina lilibadilishwa mara mbili, makocha wakapita kama abiria wa daladala, na 2023 tajiri Josh Harris na wenzake wakainunua kwa dola bilioni 6.05. Msimu huo wa 2023 timu ilishinda mechi 4 ikapoteza 13, nane za mwisho mfululizo. Ron Rivera akafukuzwa, na Februari 2024 akatangazwa Dan Quinn.

Mzee alipoisikia habari ile hakufurahi hata kidogo. "Wametuletea yule wa 28 kwa 3," akasema, akaendelea kukunja mashuka. Kwa wasiojua: Quinn ndiye aliyekuwa kocha wa Atlanta Falcons kwenye Super Bowl ya Februari 2017. Alikuwa anaongoza 28 kwa 3 dhidi ya New England Patriots, akafungwa 34 kwa 28 kwenye muda wa nyongeza. Huku ukiongoza kitu chochote kwa mbali ukakipoteza, mtu anakutajia hizo namba mbili tu, inatosha. Falcons walimtimua 2020 baada ya kuanza msimu kwa kupoteza mechi tano za kwanza. Akaenda Dallas Cowboys, mahasimu wa Washington, akawa kocha wa ulinzi. Sasa anakuja kwetu.

Karibu miezi mitatu baadaye timu ikatumia nafasi ya pili ya drafti, ule mgao wa wachezaji wapya kutoka vyuoni, kumchukua Jayden Daniels, kotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) kutoka chuo cha LSU. Kwa hiyo kocha na kijana wameingia mlango mmoja, mwaka mmoja, na ndiyo maana swali lako ni gumu. Huwezi kumtoa mmoja ukaona mwingine angefanya nini. Lakini vitu fulani ukikaa uwanjani unaviona ni vya nani.

Nianze na jaribio la nne. Katika mchezo huu timu inapewa majaribio manne kusogea yadi 10. Ukishindwa kwenye matatu, desturi ni kutumia la nne kuupiga mpira mbali kwa teke, adui aanzie kwao. Kulicheza la nne ni kamari, ukikosa unamkabidhi mwenzio mpira palepale ulipo. Uamuzi huo si wa kotabeki, ni wa kocha, na ukienda vibaya analaumiwa yeye. Quinn kwenye msimu wa kawaida alilicheza jaribio la nne mara 23, wakafanikiwa mara 20. Kuna usiku mmoja wa Septemba, ugenini kwa Cincinnati Bengals, Washington haikupiga teke la kurudisha mpira hata mara moja, ikashinda 38 kwa 33. Mzee tulikuwa naye zamu, tunachungulia kwenye simu. Kila walipobaki uwanjani kwa jaribio la nne alikuwa ananong'ona "hapana, hapana, hapana", halafu wanapata, anacheka peke yake.

Utasema ni rahisi kuwa jasiri ukiwa na mtu kama Daniels, anayerusha na anayekimbia. Sibishi. Kijana alirusha yadi 3,568 na kukimbia 891, hakuna kotabeki wa mwaka wa kwanza aliyewahi kukimbia nyingi hivyo, na tuzo ya mshambuliaji bora chipukizi akaibeba. Ila chunga na waliomzunguka. Quinn aliwaleta wazee wa kazi: Bobby Wagner, aliyewahi kuwa naye Seattle, Zach Ertz, Austin Ekeler. Na Jahan Dotson, aliyechukuliwa raundi ya kwanza ya drafti 2022, akauzwa Philadelphia kabla ligi haijaanza. Hapo ndipo nilipomwona Mzee anaanza kumtazama kocha kwa jicho lingine. Alisema zamani hapa cheo cha drafti kilikuwa kama cheti cha ndoa.

Sasa nikupe siku yenyewe. Tarehe 27 Oktoba 2024, Chicago Bears Landover, saa 10:25 jioni. Wiki nzima haikujulikana kama Daniels atacheza, aliumia mbavu mechi iliyotangulia. Akacheza. Washington ikatawala, lakini kila ikikaribia eneo la kufungia inaambulia teke la pointi tatu. Mara nne, jumla 12. Robo ya mwisho Bears wakiwa yadi moja tu waingie, wakaamua kumpa mpira jibaba wa safu ya mbele, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kusukumana. Ukamponyoka! Tulicheka mpaka machozi. Kicheko kikakatika zikiwa zimebaki sekunde 25: Bears, waliokuwa na 7, wamefunga, wakaongeza mbili juu yake, 15 kwa 12.

Mzee akasimama. "Twende. Mwisho wake naujua."

Mimi nani nibishe? Zamu saa 5 usiku, na foleni ya barabara ya mzunguko baada ya mechi mwenye kuijua anaijua. Tukashuka. Tulikuwa kwenye mteremko wa zege, tumebanana na wengine waliokata tamaa kama sisi, Mzee anapapasa mfukoni kutafuta funguo za gari, ghafla zege likatetemeka. Sijui niieleze vipi sauti ile, uliisikia miguuni kabla ya masikioni. Nikageuka kwenye kibanda cha hotdogi. Kijana muuzaji alikuwa ameweka mikono yote miwili kichwani, koleo la soseji bado liko mkononi, mafuta yanamchuruzika kwenye nywele, macho yako kwenye skrini.

Marudio tukayaangalia pale kibandani. Daniels anarudi nyuma, anakimbilia kulia, anageuza kushoto, sekunde zaidi ya 10 anakimbizwa, halafu anautupa. Pasi ya namna hii wenyewe wanaiita Salamu Maria, maana ukishaitupa linabaki la kusali. Zaidi ya yadi 60 hewani. Kundi la watu linaruka, mchezaji mmoja wa Bears anaugusa, unamdondokea Noah Brown aliyekuwa amesimama nyuma yao peke yake. Tachidauni, yaani mpira umeingia eneo la kufungia, pointi sita: 18 kwa 15, na saa imeisha (iliisha mpira ukiwa bado unachezwa, na mchezo ulioanza huachwa umalizike). Huyo wa Bears aliyeugusa, mchezo huo wa mwisho ulipoanza alikuwa amewageukia mashabiki wetu anawazomea. Dunia hii.

Mzee aliegemea nguzo. "Miaka 20 nawahi foleni," akasema. "Leo foleni imenikomesha."

Bahati? Ndiyo, bahati. Ila rudisha nyuma tukio moja, lile ambalo hakuna anayelirudia mtandaoni. Zikiwa zimebaki sekunde 6, Daniels alimpa Terry McLaurin pasi ya yadi 13 pembeni, akatoka nje ya mstari, saa ikasimama kwenye 2. Bila hizo yadi 13 mkono wa Daniels usingefika kule. Timu ya mwaka 2023 ingeurusha palepale kwa pupa na kwenda zake nyumbani. Kujua sekunde 6 zinatosha vitu viwili ni jambo la mazoezini, na mazoezini anayeshika filimbi ni kocha.

Isije ikaonekana msimu mzima ulikuwa sherehe. Novemba walipoteza tatu mfululizo. Ya tatu, nyumbani dhidi ya Dallas, ilikuwa ya kujinyonga: McLaurin akakimbia tachidauni ya yadi 86 zikiwa zimebaki sekunde 21, kilichohitajika ni teke la pointi moja kusawazisha, mpigaji akakosa. Dallas wakafunga tena palepale, Washington wakafa 34 kwa 26. Huko nyumbani makocha wetu wangeshafungashiwa virago usiku uleule. Quinn alibaki vilevile na kofia yake ameigeuza nyuma kama kijana wa bodaboda, na timu haikupoteza tena mpaka nusu fainali.

Kati ya hizo walizoshinda, moja ndiyo inayojibu swali lako kuliko zote. Desemba 22, Philadelphia Eagles Landover, wao wameshinda mechi 10 mfululizo. Washington walipoteza mpira mara tano. Mara tano, mkuu! Kwa hesabu za mchezo huu ukipoteza tano unaenda kuoga. Robo ya tatu inaisha tuko nyuma 27 kwa 14, baridi inakata masikio, watu wakaanza kuteremka kwenye ule ule mteremko wetu. Nikamwangalia Mzee. Ameweka mikono kwenye makwapa, hasemi kitu, hanyanyuki. Nikamwambia kama ni kuondoka tuondoke, vidole vyangu vya miguu sivisikii. Hakunijibu. Zikiwa zimebaki sekunde 6 Daniels akamtupia Jamison Crowder, pasi yake ya tano ya tachidauni siku hiyo, 36 kwa 33. Kijana ndiye aliyerusha, hilo halina ubishi. Lakini kikosi kizima kupoteza mpira mara tano bila kuanza kunyoosheana vidole, hicho sikukiona kwa Daniels peke yake. Nilikiona kwenye benchi zima. Na kocha aliyewahi kupoteza uongozi wa 28 kwa 3 nadhani hahitaji kuhubiriwa kwamba mpira haujaisha mpaka uishe.

Msimu wa kawaida walimaliza wameshinda 12 na kupoteza 5. Mtoano wakaanza Tampa Bay, hapo tena jaribio la nne likawapa tachidauni ya McLaurin, na teke la mwisho la Zane Gonzalez likagonga mwamba likaingia, 23 kwa 20, ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu Januari 2006. Wakaenda kwa Detroit Lions walioshinda 15 na kupoteza 2, wakawapiga 45 kwa 31.

Ushahidi wa upande wa pili nao niuweke, nisije nikaitwa mpambe wa kocha. Msimu wa 2025 Daniels aliumia mara kadhaa, akakosa mechi nyingi, na kocha yuleyule mwenye kofia ileile akamaliza na ushindi 5. Kwa hiyo kama unataka asilimia, mimi siku za kushinda kwa mbali nampa kijana, zile za dakika ya mwisho nampa kocha. Na 2024 ilikuwa na nyingi za dakika ya mwisho.

Nusu fainali, yaani fainali ya kanda, tuliiangalia kwa Mzee, ugenini Philadelphia, Januari 26. Nilibeba pilau na kachumbari, mkewe kaoka mkate wa mahindi. Eagles walipogusa mpira mara ya kwanza tu Saquon Barkley akakimbia yadi 60 ndani. Pilau sijapakua. Baadaye wakiwa kwenye mstari wetu, Frankie Luvu wetu akawa anaruka juu ya vichwa vya watu kabla mpira haujachezwa, mara ya kwanza, ya pili, mpaka refa akatangaza akiendelea Eagles watapewa pointi bila kufunga. Sijawahi kusikia kitu kama hicho. Mzee alicheka, ndiyo mara pekee aliyocheka jioni ile.

Ikafika 55 kwa 23. Imebaki dakika moja. Mkewe ameshatoa vyombo, mimi nimesimama natafuta mkono wa koti, nawaza nilale kidogo kabla ya zamu. Mzee yuko kwenye kochi lake, kofia kichwani, ameigeuza nyuma, sijui aliigeuza saa ngapi.

"Kaa chini," akaniambia bila kugeuka. "Haujaisha."