Maswali na Majibu: Nondo wa Mti wa Yoshua

Makala yangu juu ya nondo wanaochavusha mti wa Yoshua, aina ya yuka (mmea wenye majani marefu yenye ncha kali) inayoota katika jangwa la Mojave nchini Marekani, imeleta maswali yafuatayo.

Je, nondo hao hula nguo?

Hapana, na nimekwisha kulijibu swali hili. Nondo wa yuka akishapevuka hali chochote; wanaotafuna sufu ni viwavi wa nondo wengine kabisa. Tafadhali msimpulizie dawa kila mdudu mwenye mabawa kabla ya kumjua.

Viwavi wake hula mbegu za mti. Mbona unamwita rafiki wa mti huo?

Kwa sababu bila yeye mbegu hizo zisingekuwepo. Jike ana viungo viwili mdomoni mithili ya mikono, ambavyo hutumia kukwangua chavua na kuifinyanga iwe donge analolibana chini ya kichwa. Akifika kwenye ua jingine hutoboa ovari, yaani kifuko cha mbegu, hutaga mayai, kisha hupanda hadi juu na kuisukumiza chavua ndani ya kitundu cha sehemu ya kike. Hajapakwa chavua kwa bahati kama nyuki atafutaye asali: anaipanda, maana mbegu zisipotunga, watoto wake watakufa njaa. Viwavi hula sehemu tu ya mbegu, na zinazobaki ni za mti. Mtaalamu wa wadudu Charles Riley alieleza uchavushaji huu wa yuka mwaka 1872. Wala msidhani nondo ni mmoja: mti wa Yoshua wa magharibi una *Tegeticula synthetica*, na wa mashariki una *Tegeticula antithetica*, aliye mdogo zaidi, aliyepewa jina mwaka 2003.

Yuka ya bustanini kwangu Arusha hutoa maua lakini haizai. Niagize nondo?

Usiagize. Nondo wake hayupo huku, na mdudu mgeni akishaachiliwa harudishwi. Ukitaka miche, kata tawi na ulipande.

Moto umeimaliza miti ya Yoshua?

Haujaimaliza, ila moto wa Agosti 2020 uliteketeza zaidi ya miti milioni moja, ukichochewa na nyasi za kigeni zilizojaza nafasi kati ya mti na mti. Miche imepandwa upya, nami nafurahi. Hata hivyo, mche huchukua miongo kadhaa kabla ya kuchanua, na viwavi wa nondo hujizika ardhini chini ya miti iliyozaa. Anayehesabu miche pekee amemsahau nondo, yaani nusu ya kazi.